Gari la Lindsay Ndani ya Bodi ya Kuazima

Siku Neville Skerritt alipompigia simu kumwambia kwamba gari la marehemu kaka yake limepatikana, Ross Penhale alikuwa jikoni anapaka siagi kwenye mkate. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akaweka simu, kisha akasimama pale pale mpaka mkate ukapoa. Mtu mwingine angelia kwa furaha. Miaka arobaini na miwili gari halijulikani liliko, watu wameshaamini lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu, leo unaambiwa limo bandani kwake Neville huko Harcourt, mwendo wa nusu saa tu kutoka Bendigo. Ross hakulia. Alikwenda stoo, akafungua boksi la vifaa, akachagua tupa ndogo ya nusu duara, akaitia kwenye mfuko wa shati. Alijiambia ni ya kukwangulia rangi. Uongo mtupu, na yeye mwenyewe alijua.

Kwenye gari lile kulikuwa na namba, na namba ile ilikuwa yake.

Gari lenyewe aliliunda kaka yake, Lindsay, uani kwa mama yao, mwaka 1953. Vijana wa Australia wa miaka ile hawakuwa na uwezo wa kuagiza magari ya mbio kutoka Ulaya, basi kila mwenye mkono aliunda la kwake: ekseli kaitoa huku, injini kaitoa kule, bomba la kisima likageuzwa fremu. Waliyaita spesheli, na kila moja lilikuwa peke yake duniani. Fremu ya Lindsay ilichomelewa na jirani yao, Merv Duggan, fundi ambaye karakana nzima ya reli ilimvulia kofia. Merv alichomelea kila kitu, isipokuwa vishikio viwili vya kushikia ekseli ya mbele. Hivyo alisema vimsubiri, kwa sababu anampeleka mkewe Mildura kwa wakwe wiki nzima. "Msiviguse," alisema. "Mimi na vile tutaonana nikirudi."

Mbio zilikuwa Jumamosi, na Lindsay hakuwa mtu wa kusubiri. Ross alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanagenzi wa mwaka wa tatu pale pale karakana, na kichwa chake kilikuwa kimevimba sifa. Akasema, nipe mimi. Akavitengeneza saa ya chakula, kwa chuma cha reli na gesi ya reli.

Sasa, karakana ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila fundi alipewa namba, na ukimaliza kuchomelea unachukua chapa ya chuma na nyundo, unagonga namba yako pembeni ya kazi, ili ikivunjika ijulikane wa kuulizwa ni nani. Kazi moja tu haikugongwa namba: ile ya mtu binafsi, inayofanywa kwa kujificha, kwa muda na mali ya mwajiri. Kazi hiyo waliiita mgeni. "Una mgeni leo?" waliulizana kwa jicho la pembeni. Na mgeni hapigwi chapa, kwa sababu ni kujiandikia barua ya kufukuzwa kazi kwa mkono wako mwenyewe. Mtoto wa mwezi wa kwanza alilijua hilo. Lakini Ross alipomaliza kile kishikio cha kushoto alikitazama, akakiona kizuri, na mkono ukaenda wenyewe ukachukua nyundo. Nne, saba. Alipozinduka, namba ilishagongwa. Mazoea yana taabu. Cha kulia hakukigonga. Akavipeleka nyumbani vyote, vikapigwa ribiti kwenye fremu upande wa namba ukitazama ndani, vikapakwa rangi, basi.

Jumamosi, mzunguko wa tatu, kishikio cha kulia kilifunguka pale pale kilipochomelewa. Ekseli ikajikunja, gari likaacha barabara likaenda kwenye mkaratusi. Lindsay alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika, na Ross alikuwepo, ameshika mguu wake mmoja kwa sababu hakujua pengine pa kushika.

Kwenye uchunguzi wa kifo, hakimu aliweka kile kipande kilichovunjika juu ya meza, akamuuliza Ross kazi hii ni ya nani. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa mbele na nguo nyeusi. Ross akasema, "Ya Merv Duggan. Merv alichomelea gari lote." Wakamwita Merv. Merv akasema vishikio si kazi yake. Ni ya nani basi? Merv akamtazama Ross, akamtazama yule mama, akatazama kofia yake mwenyewe mapajani. "Siwezi kusema," akajibu. Jibu gani hilo la kumpa hakimu! Wakaandika jina lake.

Baada ya hapo mji ulimfanyia Merv kazi yake. Karakanani hakuna aliyepokea chuma kutoka mkononi mwake. Baani walimwita Merv Gundi, akiingia, mmoja anapaza sauti, "Jamani, kiti kimevunjika, mwiteni mwenye gundi." Mama yake Ross akimwona Dulcie, mke wa Merv, anavuka barabara kumkwepa, yeye aliyekuwa akimwazima sukari. Miezi minne tu, wakina Duggan wakahamia Mildura jumla. Merv akawa mkata matawi kwenye mashamba ya zabibu ya watu, na hakushika tena mtungi wa gesi mpaka alipokufa, majira ya baridi yaliyopita. Ross akabaki Bendigo. Akapanda cheo, akawa msimamizi wa karakana, akastaafu kwa sherehe, na kila Pasaka ndiye anayekabidhi Kombe la Lindsay Penhale, kavaa tai, watu wanasimama kumpigia makofi. Heshima ile ndiyo aliyoitilia tupa mfukoni.

Banda la Neville lilikuwa nyuma ya mashamba ya tufaha. Neville mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mnene, mropokaji, mwendawazimu wa magari ya kale, mtu mwema ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili. Alimpokea Ross kwa mikono miwili.

"Karibu, karibu. Usishtuke ukimwona. Bibi kavaa gauni la mjukuu wake."

Na kweli. Juu ya magogo manne lilikaa gari jekundu lenye bodi ya faiba, pua ndefu kama ya mbwa wa mbio, mtindo wa miaka ya sitini, rangi imepasukapasuka. Hakuna kilichofanana na lile gari la bati la Lindsay. Ross alipumua kidogo. Labda silo, aliwaza. Labda Mungu ana huruma.

"Mama yenu aliuza mabaki kwa jamaa wa Geelong," Neville alieleza akiinua kifuniko cha pua. "Jamaa akanyoosha, akabadilisha kishikio kimoja, akatia injini nyingine, akalivalisha hii takataka ya faiba, akalibatiza jina. Watu wameshindana na gari la kaka yako miaka sita bila kujua. Halafu likatupwa kwenye banda la kuku. Nimetoa kinyesi cha kuku ndoo tisa, bwana, tisa. Mke wangu ananinusa kwanza ndipo anipe chakula. Ona fremu. Hilo si bomba la kisima?"

"Mabomba ya kisima yalitumiwa na wengi."

"Ndicho wanachosema wazee wa chama cha magari ya kale. Wanataka mtu aliyeliona uchi. Nikawaambia aliyeliona uchi kabaki mmoja tu." Akampiga Ross begani. "Ukisema ndilo, nalivua hii faiba, namrudishia bibi gauni lake, na Pasaka ijayo linasimama uwanjani pembeni yako. Ukisema silo, naikata fremu kesho, nusu ya mbele naifanyia gari jingine. Sina nafasi ya kufuga yatima."

Ross akaona mlango. Neno moja, silo, na kesho msumeno utamaliza yote. Hata tupa isingehitajika. Lakini aliyeishi na woga miaka arobaini na miwili haridhiki na mlango mmoja.

"Namsubiri na mwingine," Neville akaendelea. "Binti yake Merv, Colleen. Amesikia habari kwa watu, akanipigia mwenyewe, akaomba awepo. Nikasema njoo, gari la baba yako pia. Hamna ubaya, eti? Mambo yale ya zamani."

"Hamna ubaya," Ross alisema.

"Basi ngoja nikachemshe maji ya chai jikoni. Wewe mtazametazame bibi."

Neville alipotoka, Ross hakupoteza muda. Alilala chali kwenye kigari cha mafundi, akajisukuma chini ya fremu akiwa na kurunzi na kitambaa. Kishikio cha kulia kilikuwa kipya, kazi ya mtu mwingine, safi. Cha kushoto kilikuwa kimefunikwa na grisi iliyoganda unene wa kidole. Akafuta. Akafuta tena. Nne, saba.

Pembeni ya namba aliiona kazi yenyewe, na hilo hakulitegemea. Miaka yote alikuwa akijiambia kwamba ilikuwa kazi nzuri, bahati mbaya tu, chuma kina siku zake. Sasa aliitazama kwa macho ya mtu aliyesimamia mafundi miaka thelathini. Ilikuwa kazi ya mtoto. Chuma hakikushika, kilikuwa kimelala juu kama uji uliomwagika. Angeletewa na mwanagenzi yeyote angekitupa chini na kumtukana mbele ya wenzake. Lindsay aliipanda kazi hii kwa kasi ya kilomita mia na hamsini kwa saa, kwa sababu aliletewa na mdogo wake. Ross alilia kidogo pale chini, machozi yakiingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. Kisha akatoa tupa.

Chuma kilikuwa laini, namba haikuwa ya kina. Unga ulimwangukia shingoni na kwenye kola. Nne ikaenda, saba ikabaki mguu mmoja, nao ukaenda. Aliposikia mlango wa gari ukifungwa nje, alichota grisi kwa kidole akapaka haraka haraka, akajisukuma nje, akasimama akijifuta.

Mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliingia, mrefu, kachomwa na jua la Mildura, macho ni ya Merv tupu.

"Anko Ross," alisema.

Alikuwa akimwita hivyo alipokuwa anatambaa, Ross akimbeba begani uani kwao. Hakuna aliyemfundisha kuacha.

"Umekua, Colleen."

"Nimezeeka, sema ukweli."

Neville alirudi na sinia la chai na biskuti za shayiri, akagawa vikombe, akajaza banda zima maneno kuhusu kuku, halafu akajifuta mikono kwenye suruali. "Haya, mzee. Mahakama imekaa. Ndilo au silo?"

"Silo," Ross akasema.

Neville alishusha kikombe. "Silo?"

"Bomba la Lindsay lilikuwa nene zaidi. Inchi mbili kamili. Hili jembamba."

"Nimelipima mwenyewe. Inchi mbili kamili."

"Basi ni namna lilivyopinda. Sijui nikwambieje, Neville. Mtu anajua gari la ndugu yake. Silo."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Ross alikuwa ameitembea miaka mingi hivi kwamba aliiona ndefu kuliko ya wengine. Neville alikaa juu ya tairi, uso umemwanguka. Alimwamini. Nani asingemwamini? Ross akamwonea huruma, na hapo hapo akaona wepesi mwilini mwote, kesho msumeno, na kwa hilo akajichukia.

"Naomba nichungulie," Colleen alisema.

"Chini huko? Utachafuka, mama," Neville akasema.

"Nitafua."

Akachukua kurunzi, akalala kwenye kigari, akajisukuma akaingia. Viatu vyake tu ndivyo vilivyoonekana. Neville alitafuna biskuti moja, akaanza ya pili, akaisahau mkononi. Ross alihesabu mbao za ukuta.

Colleen alipotoka alikuwa na grisi shavuni. Alinyoosha kidole kimoja juu, akakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Grisi nyeusi, na ndani yake unga wa chuma unametameta.

"Neville, wewe ni mtaalamu. Chuma kilichokaa banda la kuku miaka thelathini kinatoa unga wa namna hii?"

"Hakiwezi. Kinatoa kutu."

"Basi nenda kaone kishikio cha kushoto, upande wa ndani. Pana mahali peupe kama sarafu mpya. Pamepigwa tupa leo. Grisi ya juu yake ni laini, ya pembeni imekauka ngumu."

Neville alimtazama Ross. Kidogo kidogo macho yake yakashuka mpaka kwenye kola ya shati, ambako unga ulikuwa umenasa kwenye jasho, kisha kwenye mfuko uliotuna. Akairudisha biskuti kwenye sinia.

"Kama silo," Colleen alisema, sauti yake tulivu, ya mtu aliyechoka, "ulikuwa unafuta nini, Anko Ross?"

Ross akaufunika mfuko kwa kiganja.

"Baba aliiona namba siku ile ile ya ajali," Colleen akaendelea. "Alirudi kutoka Mildura akakuta watu wanapakia mabaki kwenye lori, akashika upande wa kushoto. Akaiona namba. Miaka yote hakusema. Alimwambia mama, yule mwanamke kazika mtoto mmoja, nikimtaja wa pili atabaki na nani? Na wewe ungefukuzwa, labda ungefungwa kwa chuma cha reli. Akasema Ross ni mtoto, atakua, atasema mwenyewe. Akawa anasubiri barua. Kila siku ya posta, Anko. Mimi nilidhani anasubiri hela."

Ross alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya saruji.

"Kabla hajafa aliniambia mahali ilipo. Namba yenyewe hakuitaja. Alisema gari likionekana nenda, usimwulize kitu, Ross atakuonyesha, ni kijana mzuri. Ndiyo maana niliomba kuwepo. Nilikaa nje pale kwenye changarawe dakika tano nzima kabla ya kuingia, ili upate nafasi ya kumwambia Neville kwanza." Akajifuta kidole kwenye suruali. "Na wewe ukazitumia hizo hizo."

"Colleen..."

"Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa natambaa. Mama yuko ndani ya gari. Alikataa kuingia. Nenda."

Kutoka sakafuni mpaka mlangoni ni hatua kumi na mbili, na Ross alizitembea kama mtu aliyetoka kupigwa. Jua la nje lilikuwa kali. Chini ya mti wa kivuli kidogo lilisimama gari jeupe lenye vumbi la safari, na kwenye kiti cha mbele alikaa Dulcie Duggan, kavaa kofia ya kanisani, kioo kimeshushwa, anamenya chungwa. Maganda alikuwa akiyapanga kwenye leso mapajani. Aliinua macho mara moja, akayarudisha kwenye chungwa.

"Dulcie," Ross alisema.

"Naam."

"Vile vishikio nilivitengeneza mimi. Vyote viwili. Merv hakuvigusa. Nilimsingizia mbele ya hakimu."

Dulcie alitoa uzi mweupe wa chungwa kwa kucha, taratibu. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi hujaniambia kitu. Hilo nalijua tangu mwaka hamsini na tatu. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelipikia chakula." Akanyoosha mkono wenye kisu kidogo, akaelekeza kule bandani, ambako Neville alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Asiyejua ni yule. Na yule akijua, Bendigo yote itajua kabla ya Jumapili. Geuka. Mwambie kwa sauti. Na mume wangu umtaje jina lake lote, sio lile mlilompa ninyi."

Ross akageuka. Kulikuwa na changarawe kati yao, hatua ishirini hivi, na Neville hakusogea. Colleen alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mervyn James Duggan," Ross alianza, na sauti ikamkatika hapo hapo.

"Sijasikia," Dulcie alisema nyuma yake. "Anza upya."

Ross akaanza upya.